Nilienda open dei nikarudi na kofia

Mwalimu habari yako,

Natumai uko salama huko Nakuru. Mimi ni msichana wa miaka 18, kwetu ni Chavakali, nilimaliza fomu foo mwaka jana na matokeo yakitoka Januari nikapata B ya pointi 63, hesabu B, kemia B, fizikia B minasi, jiografia B plasi. Silalamiki, nyumbani walichinja kuku wawili. Shida ilianza baada ya kuku.

Nataka kusoma uinjinia, ule wa sivili, wa barabara na majengo. Mwezi uliopita tulienda na mabeshte wangu wawili kwa open dei ya chuo kimoja, sitakitaja, ni mbali kidogo na huku kwetu. Mwalimu kusema ukweli ilikuwa raha. Tenti nyeupe kama za harusi, DJ, watu wa dansi, soda ya bure, tukapiga picha kwa geti, tukapiga picha kwa fauntini, tukapewa kofia na kalamu na mfuko wenye brosha kumi na nne, nilizihesabu nikiwa kwa matatu nikirudi. Kwa tenti ya uinjinia nilipata kijana wa suti nikamwambia nina B na nataka sivili, akaniambia wewe utapata tu usijali, jaza hapa jina na namba ya simu. Nikajaza. Akauliza kama nina swali nikasema sina. Na nilikuwa nayo mengi! Lakini watu walikuwa nyuma yangu kwa laini na yeye alikuwa ananiangalia na yote yakapotea.

Tangu siku hiyo napigiwa simu karibu kila wiki naulizwa nitalipa lini pesa ya admishoni. Na ile brosha yenyewe nikiisoma naona kuna kozi inaitwa uinjinia na kuna ingine inaitwa teknolojia ya uinjinia, picha ni ileile, kijana na helmeti ya manjano, sijui tofauti ni gani na naogopa kuuliza juu wenzangu watasema sikusoma.

Sasa wiki mbili zijazo kuna chuo kingine kina open dei upande wa Kakamega. Nauli iko ya mara moja tu. Baba ni fundi wa mjengo, amejenga Kisumu, Maseno, Mbale, kila mahali, na amesema safari hii hataki niende na mabeshte, tunaenda na yeye. Mwalimu nampenda baba yangu lakini hapo ndio niko na shida. Hakumaliza darasa la nane, anaenda kila mahali na gumboot, na anauliza maswali kwa sauti. Tulipompeleka mama eksrei alimuuliza daktari mbele ya watu hiyo mashine ilinunuliwa lini.

Beshte wangu anasema open dei ni ya kutembea tu, kila kitu iko kwa portali ya KUCCPS, wale wa kugawa nafasi za vyuo. Mama naye anataka nisome ualimu. Niende ama nibaki na nauli? Na nikienda nifanye nini nisirudi na kofia ya pili?

Mwenye Kofia, Chavakali

---

Mwenye Kofia,

Hongera kwa B, na hongera kwa kuhesabu brosha, wengi huzitupa bila hata kufungua.

Jibu fupi ni nenda, na uende na mzee. Sasa nipe nafasi nieleze kwa nini, maana najua hilo la pili hukulitarajia.

Wakati wangu hakukuwa na open dei, kulikuwa na kitabu cha picha ambacho mwalimu wa kazi alikuwa anafungia kwa kabati, na chuo nilichochagua mimi nilikichagua kwa sababu kwa picha kulikuwa na swiming puli ya bluu. Ndiyo, nilikuwa kijana wa kutoka kijijini ambaye hajui kuogelea na nikachagua miaka minne ya maisha yangu kwa sababu ya puli. Nikafika siku ya kuripoti na sanduku la bati nikaenda moja kwa moja kuiangalia. Ilikuwa na vyura. Maji ya kijani na vyura wamekaa kando kama maseneta. Hakuna aliyenidanganya, puli ilikuwepo kweli, picha ilipigwa tu siku ambayo ilikuwa imeoshwa.

Open dei ndiyo siku ambayo puli imeoshwa. Sisemi ni utapeli, hata wewe wageni wakija kwenu mnafagia na kutoa vikombe vya kabatini. Lakini mtu anayetaka kuolewa kwenye boma haangalii vikombe, anatafuta kisingizio cha kwenda jikoni. Kwa hivyo kazi yako Kakamega ni moja, kuingia jikoni, na zile tenti nyeupe zote ni sebule.

Lakini kabla ya hapo kuna kazi ya nyumbani, na hapa beshte wako ana haki nusu. Ingia kwa portali ya KUCCPS kabla ya kwenda, utaona kozi, utaona masomo yanayohitajika, utaona kata-ofu, yaani pointi za chini za kuingia, ya miaka iliyopita na gharama ya kozi kwa mwaka. Sivili inatumia hesabu, fizikia, kemia, na somo moja la nne ambalo kwako litakuwa jiografia. Ukijumlisha 9 na 8 na 9 na 10 unapata 36 kati ya 48. Pointi zako zote ni 63 kati ya 84. Kwa ile hesabu ya kawaida ya walimu, unazidisha hizo sehemu mbili, unatafuta kipeo cha pili, unazidisha na 48, na kwako inatoka 36 kamili, si mara nyingi naona hesabu safi hivyo. Hizo pointi za kozi ndizo zinaitwa klasta, portali itakupa yako yenyewe na hiyo ndiyo ya kuamini, si ya kwangu. 36 si mbaya hata kidogo, lakini sivili kwa vile vyuo vikubwa vya Nairobi mara nyingi hukaza kuliko hapo, kwingine inakaribia, kwingine inapita. Na kata-ofu si mstari ambao mtu aliuchora mapema, ni klasta ya yule wa mwisho aliyeingia mwaka huo, kwa hivyo inapanda na kushuka kulingana na nani ameomba.

Ukishaelewa hilo utaona kile kijana wa suti alikuambia ni nini. Nafasi za serikali anagawa KUCCPS, chombo kilichowekwa na sheria ya vyuo vikuu ya 2012, na inagawa kwa kompyuta kulingana na klasta na machaguo yako. Hakuna mtu wa tenti, hata awe na suti ya aina gani, anayeweza kusema utapata. Ila kuna njia moja ambayo maneno yake ni kweli, kwamba utapata ukijilipia mwenyewe, na simu unazopigiwa za pesa ya admishoni nadhani ndizo hizo. Usilipe chochote sasa. Waambie kwa heshima unangoja matokeo ya KUCCPS, wakiendelea bloku namba, hakuna kosa. Na safari ijayo kwa ile karatasi ya jina na namba usiandike kama hujaelewa ni ya nini, muulize tu, hii orodha inaenda wapi.

Sasa twende kwa uinjinia na teknolojia ya uinjinia, na nakushukuru kwa kuuliza maana kwa hili swali lako la aibu kuna watu wamepoteza miaka. Nilikuwa na mwanafunzi wangu wa fizikia hapa Nakuru, kijana mwerevu sana, aliingia kozi ya teknolojia akidhani ni kitu kimoja, jina limefanana, helmeti ni ya manjano, na akafika mwaka wa nne ndipo akajua yeye hatasajiliwa pale alipokuwa anafikiria. Kenya hii ili uitwe injinia kisheria unasajiliwa na Bodi ya Mainjinia, EBK, kuanzia injinia graduweti halafu baada ya miaka ya kazi chini ya injinia mwingine unaomba usajili wa injinia profeshono. Wateknolojia wana bodi yao, KETRB, ambayo sheria yake ni ya 2016. Ni kazi ya heshima na saiti nyingi zingesimama bila hao watu, huyo kijana wangu saa hii yuko kazini na analipwa vizuri tu, lakini alitaka kuchagua na hakupewa nafasi ya kuchagua, aliteleza tu. Huko ndiko kunauma.

Kwa hivyo swali la kwanza Kakamega, liandike kwa karatasi kabisa, ni hili: hii kozi, kwa jina lake kamili vile iko kwa cheti, EBK imeitambua, na utambuzi huo unafika mwaka gani? Si chuo, kozi. Chuo kinaweza kuwa na chata na CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, imekipitisha na bado kozi moja ndani yake EBK haijaikubali, imetokea hapa Kenya na si mara moja, watu wakafanya graduesheni na kofia za kweli halafu bodi ikakataa kuwasajili. Wakikujibu ndiyo, sema asante, halafu ukifika nyumbani fungua orodha kwa tovuti ya EBK uangalie mwenyewe. Wakikujibu "iko kwa prosesi", hilo neno prosesi limekalia watu miaka, andika kando na uweke alama nyekundu. (Wasomaji wengine pia, kama ni uuguzi uliza Baraza la Wauguzi, kama ni sheria kuna Baraza la Elimu ya Sheria, ni mchezo uleule.)

Haya, jikoni sasa, na hapa ndipo mzee anaingia.

Kwa tenti usikae zaidi ya dakika kumi na tano. Salimia, chukua brosha moja, moja tu, ya kozi yako, halafu sema sentensi hii ambayo si swali kwa hivyo haiwezi kukupotea: naomba kuona maabara ambayo mwaka wa tatu wa sivili wanatumia. Usiseme maabara tu, utapelekwa kwa ile ya kompyuta mpya ambayo kila mtu anapelekwa. Mwaka wa tatu wa sivili. Wakisema imefungwa leo, uliza teknishani yuko wapi. Teknishani ndiye mtu wa kutafuta, si mhadhiri, mhadhiri ni mtu mzuri lakini atakueleza maono ya idara, teknishani ndiye ana ufunguo na ndiye anajua ni mashine gani imekufa tangu lini, na siku ya open dei mara nyingi amekaa peke yake huko nyuma hakuna anayemsalimia.

Ukiingia utaona vipande vya zege vya mraba, vya milimita 150 kila upande, vinaitwa kyubu. Wanafunzi wanakoroga zege, wanamwaga kwa moldi, wanaviloweka kwa maji, halafu wanavivunja kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28 kuona vina nguvu gani. Kila kyubu huandikwa tarehe kwa rangi au kwa chaki. Soma hizo tarehe! Kama ni za mwezi huu ama semista hii, wanafunzi wanafanya kazi kwa mikono. Kama tarehe ni za miaka mitatu iliyopita na kyubu zimetumika kuzuia mlango usifungwe na upepo, umeshajua kitu ambacho hakipo kwa brosha yoyote.

Na sasa fikiria umesimama hapo na baba yako. Mtu ambaye amekoroga zege Kisumu na Maseno miaka yote hiyo, anajua reshio ya 1:2:4, sementi, mchanga na kokoto, kwa mkono si kwa kitabu, anajua balasti mbaya kwa kuikanyaga. Wewe utaogopa, yeye hataogopa, atamuuliza teknishani hii mashine ilinunuliwa lini na mara ya mwisho iliharibika lini na nani aliitengeneza, na teknishani atacheka afurahi kwa sababu kwa siku nzima hajapata mtu wa lugha yake, na wataongea hao wawili dakika thelathini na wewe utakuwa umesimama hapo kimya unajifunza chuo chote. Lile swali la eksrei lililokuaibisha ndilo swali bora la open dei nimewahi kusikia na mimi nimepeleka watoto wa shule kwa basi miaka kumi na zaidi. Nilikuwa nawaambia waulize maswali ya akili, ati maono na misheni, nikirudi nao kwa basi wote wana kofia.

Ukiwa hapo uliza pia vifaa vya kupima ardhi, total stesheni, ziko ngapi zinazofanya kazi, halafu uliza darasa la mwaka wa pili liko na watu wangapi. Gawanya. Kama mashine ni mbili na watu ni mia moja na ishirini, jua watu kumi watashika na mia moja na kumi watakopi ripoti.

Ukitoka hapo tafuta wanafunzi, na si wale wa fulana za rangi ya chuo wanaowaongoza, hao wamechaguliwa na wamefundishwa cha kusema, hata mimi kwa shule yangu nilikuwa nawachagua hivyo. Tokeni nje ya geti. Kila chuo kina vibanda nje ya geti, chapati madondo na chai, kaeni pale mle, mzee anunue, na meza ya kando kutakuwa na komredi wa uinjinia maana njaa haichagui kozi. Muulize maswali mawili tu ya mwanzo: uliingia mwaka gani, na sasa uko mwaka wa ngapi? Sivili ni miaka mitano. Aliyeingia 2021 na sasa bado ni wa tatu, muulize ni nini kilitokea. Kuna ambayo si ya chuo kimoja, mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulisimamisha masomo kwa vyuo vya umma wiki kwa wiki, hiyo iliwapata wengi. Lakini kuna ya chuo chenyewe, na ya kwanza inaitwa misingi maksi. Ulifanya mtihani, ulikaa, ulisaini, halafu kwa portali hakuna maksi, na unaambiwa umtafute mhadhiri ambaye alihama. Nimeona watu wazima wakilia kwa sababu ya misingi maksi moja ya mwaka wa pili iliyowanyima graduesheni ya mwaka wa tano. Uliza: hapa ikikutokea inachukua muda gani kupatikana, na unamwona nani? Komredi akicheka na kuita mwenzake aje asikie swali, jibu umeshapata.

Na tafuta msichana wa sivili uongee naye kando, mzee abaki na chai yake. Muulize wako wasichana wangapi darasani, anatembea vipi saa mbili usiku kutoka laibrari, wakienda fildi wanalala wapi. Hayo hutauliza mbele ya baba na si lazima.

Pesa. Hapa vijana wengi wanauliza karo ni ngapi, wanapewa namba, wanaandika, wanaenda. Namba ya karo unaipata kwa portali ukiwa Chavakali kitandani, usilipe nauli kuifuata. Tangu 2023 gharama ya kozi imegawanywa, skolashipu ya serikali, mkopo wa HELB, na sehemu ya familia, na wanaangalia hali ya nyumbani, kwa hivyo ile namba ya brosha si lazima iwe ndiyo mzee atatoa mfukoni. Cha kuuliza huko ni kile kisichoandikwa. Hosteli za ndani mwaka wa kwanza wote wanapata ama ni kupiga kura? Bedsita nje ni ngapi kwa mwezi na wanataka dipoziti ya miezi mingapi, na miezi ya likizo unalipa ama hulipi? Fildi na atachmenti nani anagharamia? HELB ikichelewa, na huchelewa, chuo kinakuruhusu kufanya mtihani ama kinakufungia nje ya mlango? Hilo la mwisho waulize wanafunzi, ofisi itakuambia sera. Na kwa vyumba vya nje mwache mzee, atagonga ukuta na kidole akuambie kama hiyo nyumba itavuja, huwezi kupata huduma hiyo kwa tenti yoyote duniani.

Fikeni mapema. Kutoka Chavakali si mbali, mkipita lile jiwe linalolia la Ilesi mmeshafika karibu, ukifika saa tatu utakuta teknishani hajachoka na vyoo bado vinaonyesha vile vilivyo (ingia vyoo, sitaki kueleza zaidi, ingia tu, na ufungue mfereji). Maabara kwanza, tenti baadaye, maana saa nane saa tisa mvua ya Kakamega inaanza kunusa watu na kila mtu anakimbilia kwa DJ. Picha piga, mimi si mzee wa kanisa, lakini piga za noti bodi ya idara pia: taimutebo, orodha ya waliofanya sapu, ule mtihani wa kurudia, tangazo la lini wanafunga. Noti bodi haijui kuna open dei, kwa hivyo haidanganyi.

Maswali yakikupotea tena, na yatapotea, ndiyo maana nimesema karatasi. Andika matano kwa mkono, mpe mzee nakala. Na mkirudi kwa matatu kabla hamjafika Chavakali andika vile mmeona, ukilala utakumbuka muziki tu.

Kama siku hiyo hukuona maabara, usilie. Vyuo haviliwi siku moja. Enda siku ya kawaida, Jumanne kwa mfano, katikati ya semista, na barua ndogo ama hata bila, mwambie askari wa geti unaenda kwa idara ya sivili kuulizia kozi, wengi wanaruhusu. Mimi naona hiyo Jumanne ina faida kuliko open dei tatu, ila nauli yenu ni moja na open dei ndiyo siku ambayo milango yote ina ruhusa ya kufunguliwa, kwa hivyo mwaka huu ianze hiyo.

Mama usimpuuze. Masomo yako yanakupeleka pia ualimu wa hesabu na fizikia ama kemia, na TSC, tume ya kuajiri walimu, inataka C plasi kwa masomo mawili ya kufundisha, wewe unayo na zaidi. Pita hiyo tenti, dakika tano, uliza tiching praktisi wanapelekwa wapi na wanakaguliwa mara ngapi, umletee mama majibu. Ukimletea majibu mtaongea, ukimletea kununa mtagombana mpaka Agosti. Na kwa machaguo ya KUCCPS huna sababu ya kujaza sivili tu kila mstari, klasta yako iko pale katikati, utahitaji kitu cha chini ambacho hutalia ukipewa.

Kuhusu wenzako na ile aibu ya kuonekana na baba. Sitakuhubiria, nilikuwa na miaka 18 pia na mama yangu aliwahi kunifuata shule na leso akiniletea viazi vitamu na nilijificha kwa choo. Mwambie tu mzee mapema kile unataka akusaidie nacho: baba, mimi nitaongea na watu wa ofisi, wewe utaniangalilia maabara na nyumba za kupanga. Mtu mzima akipewa kazi yake haingilii yako. Akianza kwa sauti kule ofisini mkumbushe.

Na gumboot mwache avae. Huo udongo wa huko ukinyeshewa unajua vile huwa, na wewe mwenyewe uache hizo raba nyeupe nyumbani.

Mwalimu